Sura ya Nne: Tangulia, Tutafuata

"Tangulia, tutafuata." Ndivyo alivyoniambia mke wangu uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, mwezi wa Agosti, huku mtoto wetu mdogo akining'inia kwenye mkono wa begi langu akidhani ni mchezo. Tulikubaliana ni miezi 2, ikizidi sana 3. Walinifuata baada ya miezi 11. Katika muda huo sikufukuzwa kazi, sikuugua, mshahara haukuchelewa hata siku moja, na Falme za Kiarabu hazikubadilisha sheria yoyote iliyonihusu. Mambo yote yalikwenda kama yalivyoandikwa. Mimi ndiye sikuwa nimeyasoma.

Mkataba wangu wa kufundisha Dubai ulikuwa na kurasa tisa. Nilisoma mshahara mara nne, nikasoma tiketi ya likizo, nikasoma kiinua mgongo, nikampigia hesabu baba kwenye simu mpaka akacheka. Ukurasa wa tatu ulikuwa na mstari mmoja uliosema kwamba kwa mambo ya nyumba, bima na tiketi, shule inanihesabu kapera. Nikadhani ni lugha tu ya mawakili. Mbona nina mke na watoto na kila mtu pale alijua! Siku ya usaili kwa video, binti yangu alipita nyuma yangu na kikombe cha uji, mkuu wa shule akamwona, akacheka, akamwuliza jina. Ukarimu ule ulinipumbaza. Mkuu wa shule alikuwa mtu mwema kweli, na wema wake haukuwa kifungu cha mkataba.

Sasa tukikutana walimu wa Afrika Mashariki, mtu akisema amepata kazi Ghuba, swali la kwanza si mshahara. Tunauliza: wa kapera au wa familia? Mwenye mkataba wa familia hupewa nyumba ya kutosha au posho ya kupangia, na mara nyingi bima ya mke na nafasi ya mtoto mmoja au wawili shuleni kwa punguzo. Mwenye mkataba wa kapera hakatazwi kuleta familia. Anaachiwa mwenyewe, na maneno hayo mawili ni mazito kuliko yanavyosikika.

Anayeuliza habari za kuhamishia familia Dubai huambiwa kwanza kuhusu dirhamu 4,000. Ni kweli. Mkaazi anayetaka kumdhamini mwenza na watoto anatakiwa kuwa na mshahara wa dirhamu 4,000 kwa mwezi, au 3,000 pamoja na nyumba. Mimi nilikuwa juu ya kiasi hicho, nikajiona nimeshaingia ndani. Kumbe nilikuwa nimevuka uzio tu, na mlango ulikuwa bado mbali. Mlango ni nyumba.

Shule ilinipa kitanda katika fleti ya walimu watatu. Mganda wa kemia, Mhindi wa kompyuta, na mimi wa hisabati. Friji ilikuwa moja, kila mtu na rafu yake, majina yamebandikwa kwa selotepu. Huwezi kumleta mke pale, na hata ungetaka, afisa wa uhamiaji anataka kuona mkataba wa pango uliosajiliwa, ule unaoitwa Ejari, wenye jina lako. Kupanga nyumba Dubai kuna mila yake: kodi hulipwa kwa hundi zilizoandikwa tarehe za mbele, hundi moja kwa mwaka mzima, au mbili, au nne mwenye nyumba akiwa mpole. Hundi hutoka kwenye kitabu cha hundi. Kitabu hutoka benki. Benki inataka kitambulisho cha mkaazi. Kitambulisho kinataka vipimo vya damu, picha ya kifua na alama za vidole. Kitambulisho nilikipata Oktoba, kitabu cha hundi Desemba, na fedha ya kuziandika hizo hundi bila hofu ya kurudishwa nikawa nayo Machi. Hapo ndipo nikaelewa kwamba faili la familia halianzi siku unayofika. Linaanza siku ambayo lako limekwisha kabisa.

Huku nyumbani nako kulikuwa na safari nyingine, na hiyo aliibeba mke wangu.

Sisi tulifunga ndoa Tanga, msikitini, baada ya alasiri. Mashahidi walikuwepo, walii alikuwepo, mahari ilitajwa kwa sauti, pilau likaliwa mpaka majirani wa mtaa wa pili wakashiba. Ukimwuliza mtu yeyote pale kama tumeoana atakushangaa. Cheti tulipewa baadaye, kimejazwa kwa kalamu ya wino wa bluu na mtu ambaye ni dhahiri alikuwa na haraka, na kwa miaka 9 kilikaa chini ya sanduku la kanga bila kuulizwa na yeyote. Sasa kilitakiwa Dubai. Kwanza kipite RITA, wakala wa usajili wa serikali, kisha Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa Falme za Kiarabu, kisha kifike kwangu kitafsiriwe Kiarabu na mtarjumani wa sheria, kisha kigongwe mhuri wa wizara ya mambo ya nje ya kule. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto vilifuata njia hiyo hiyo.

Ukitulia ukaitazama ile mihuri unagundua jambo la ajabu kidogo. Hakuna ofisi inayothibitisha ndoa. Kila moja inathibitisha mhuri wa ofisi iliyotangulia. Ubalozi haujui kama mimi ni mume wa mtu. Unachojua ni kwamba saini ya yule afisa wa wizara ni yake kweli. Nchi zilizojiunga na Mkataba wa Hague wa 1961 zimefupisha ngazi hii kwa mhuri mmoja uitwao apostili. Oman imo tangu 2012, Burundi tangu 2015, Rwanda tangu 2024. Mwalimu wa Kigali anayekwenda Muscat ana njia fupi. Mimi nilitoka nchi isiyokuwamo kwenda nchi isiyokuwamo, kwa hiyo ngazi yangu ilikuwa na vidato vyote.

Mke wangu ni muuguzi. Kila safari ya Dar ilimaanisha kubadilishana zamu na mwenzake, basi la alfajiri, na kurudi usiku. Alikuwa akisindikizwa na mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, tuliyeishi naye tangu ana miaka sita. Wakati huo alikuwa na miaka 14, na kazi yake ilikuwa kushika bahasha ya kaki mapajani njia nzima asiiweke kwenye kibebeo cha juu. Safari ya kwanza iliishia dirishani. Karani aliweka cheti upande huu na pasi upande huu, akavipima kwa macho.

"Dada, huyu Ramadhani wa kwenye cheti na huyu Ramadhan wa kwenye pasi ni mtu mmoja?"

"Ni baba yangu mzazi, kaka."

"Sikatai, dada yangu. Lakini mashine haimjui baba yako. Nenda kwa wakili, lete kiapo."

Irabu moja ya mwisho. Mwandishi wa cheti aliiandika kama tunavyoitamka, afisa wa pasi akaiacha. Ikalipiwa kwa nauli mbili, ada ya wakili na zamu ya usiku. Tangu siku hiyo mwalimu yeyote anayeniuliza jambo la kufanya kwanza namwambia awatandike mezani watu wote wa nyumba yake kwa karatasi: pasi, vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa, kitambulisho cha taifa. Asome majina herufi kwa herufi kabla hata hajaanza kutafuta kazi. Na ambao ndoa yao haijaandikwa popote waanzie hapo. Kenya waliooana kimila waliweza kuanza kusajili ndoa zao Agosti 2017, chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014. Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971 inamchukulia mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili na kujulikana hivyo kuwa ni mke na mume, mpaka atokee mtu athibitishe vingine. Ni sheria yenye busara kwenye ugomvi wa mirathi. Kwenye dirisha la ubalozi haina mahali pa kugongwa mhuri.

Jambo moja lilinirahisikia Dubai ambalo Ulaya huwatesa wenzangu: majina. Mimi nina jina la baba yangu, mke wangu la baba yake, watoto wana langu la kwanza kama jina lao la pili. Waarabu nao huitana hivyo, hakuna aliyeuliza. Rafiki yangu anayefundisha fizikia kusini mwa Uingereza aliulizwa kwenye maombi yake jina la ukoo la familia ni lipi, na akagundua kwamba wao wanne wana majina manne.

Huyo rafiki anatoka Kisumu, na habari yake ni ya fedha. Uingereza inamruhusu mwalimu mwenye viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi kwenda na mwenza na watoto. Wahudumu wa kutunza wazee walinyimwa ruhusa hiyo kuanzia Machi 11, 2024, walimu hawakuguswa. Tena mwenza akifika anaweza kufanya karibu kazi yoyote siku hiyo hiyo, jambo ambalo Afrika Kusini, kwa mfano, mwenza aliyefuatana tu na mwenye kibali haruhusiwi. Kwa hiyo mlango uko wazi. Sasa tazama kiingilio. Karibu kila anayeomba viza ya muda mrefu hulipa ada ya huduma za afya kwa miaka yote mara moja, na tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima na 776 kwa mtoto. Baba, mama, watoto wawili, miaka mitatu: pauni 10,866. Hiyo ni kabla ya ada za viza zenyewe, kabla ya nauli, kabla ya kununua koti.

Fedha hiyo aliikopa, na kukopa alikujua. Kilichomshinda ni pauni 800. Mkewe na watoto wawili walitakiwa waonyeshe kwamba wana akiba ya kujikimu: 285 za mwenza, 315 za mtoto wa kwanza, 200 za wa pili. Si fedha ya kutisha, lakini sharti lake ni kwamba ikae benki siku 28 mfululizo isishuke hata senti. Jaribu wewe, mwana wa watu, kukaa na fedha siku 28 bila kuigusa huku ukoo mzima unajua uko Uingereza. Siku ya 19 shangazi yake alifariki Siaya. Jeneza, gari, hema, chakula cha waombolezaji. Angefanyaje? Alituma. Siku 28 zikaanza upya kutoka moja, na kipimo cha kifua kikuu ambacho familia ilishafanya Nairobi, ambacho hudumu miezi sita, kikawa nacho kinakaribia kuisha muda. Afisa aliyetunga sharti lile, nadhani, hajawahi kuwa mtoto wa kwanza wa kiume.

Kwa walimu wanawake kuna tabaka jingine. Kwa muda mrefu Falme za Kiarabu zilitazama kazi ya mwanamke ndipo zimruhusu kumdhamini mumewe, na ualimu ulikuwa miongoni mwa kazi zilizokubaliwa. Tangu 2019 kinachotazamwa ni kipato, awe mume au mke. Ni hatua. Lakini mwanamke anayeleta mtoto bila baba yake bado hudaiwa barua ya baba, iliyothibitishwa kisheria, kwamba hana pingamizi. Mwenzangu mmoja wa chekechea, mtu wa Mombasa, alitafuta saini ya mwanamume ambaye hakuwa amemtumia mtoto hata sare ya shule. Alipopatikana, kwa msaada wa mjomba wa mtu na shemeji wa mtu, akataja bei. Mwenzangu alikata simu, akaenda Mahakama ya Kadhi kuomba amri ya malezi. Ilichukua miezi, lakini alisema afadhali kumlipa wakili kuliko kumlipa yule.

Uingereza swali hilo linaulizwa kwa namna ngumu zaidi. Mzazi mmoja akitaka kuleta mtoto, na mzazi wa pili yupo hai kwingine, kwa kawaida lazima aonyeshe kwamba jukumu la kumlea mtoto ni lake peke yake. Baraza la rufaa lilifafanua mwaka 2006, katika kesi ya familia ya Yemen, kwamba kinachopimwa ni nani anayeendesha malezi na kufanya maamuzi makubwa ya maisha ya mtoto, hata kama kazi za kila siku zinafanywa na mtu mwingine. Maneno yamekaa vizuri. Kwetu sasa: mama ametangulia ughaibuni, mtoto yuko kwa bibi. Nani ameamua ahamie shule ya bweni? Ukimwuliza mama atasema ni yeye. Ukimwuliza bibi atasema ni yeye. Baba mkubwa naye ana neno. Malezi ya kwetu ni kikao, na kikao hakiandikwi kumbukumbu. Akina mama huishia kuchapisha jumbe za M-Pesa za miaka mitatu, ada, viatu, dawa, wakizipanga kwa tarehe, ili kumthibitishia mgeni kwamba bibi aliyelala na mtoto kila usiku hakuwa mlezi.

Marekani sitakaa sana, maana mambo yake hubadilika mwezi kwa mwezi. Mwalimu wa mpango wa mabadilishano hupewa viza ya J-1, miaka 3 inayoweza kuongezwa hadi 2 zaidi, na mwenza na watoto wasiofika miaka 21 wana J-2 yao. Tatizo ni kifungu cha 214(b) cha sheria ya uhamiaji ya 1952: kila mwombaji wa viza ya muda anahesabiwa kuwa anataka kuhamia moja kwa moja, mpaka yeye mwenyewe athibitishe sivyo. Anathibitishaje ndani ya dakika chache dirishani? Kwa kuonyesha kilichomfunga nyumbani. Na mwalimu wa darasa la tano ana nini kinachomfunga kuliko watoto wake? Ndiyo maana mawakala wa mtaani huwashauri watu waombe peke yao, familia ibaki. Familia imekuwa rehani. Wapo wanaokwenda mbali zaidi, wanamwambia mtu aandike kwamba hajaoa. Hapo napandisha sauti hata nikiwa mgeni nyumbani kwa watu. Uongo kwenye maombi ya viza ya Marekani unaweza kumfungia mtu milango maisha yake yote, na mke uliyemfuta kwenye fomu ya kwanza huwezi kumrudisha kwenye ya pili kama aliyezaliwa jana.

Na hapa karibu? Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, inasema mfanyakazi anaweza kufuatana na mwenza na mtoto, na hao nao wana haki ya kuajiriwa. Ni kifungu kizuri kuliko vyote nilivyotaja katika sura hii. Waulize walimu wa Kenya na Uganda walioko kwenye shule za Kiingereza za Arusha na Moshi wamekipata kwa kiasi gani. Mmoja aliniambia familia yake iko Namanga, upande wa pili wa mpaka, na huwaona Jumapili.

Mwezi wa Julai, faili letu lilikamilika. Bima ya mke na watoto niliilipa mimi, kwa kuwa Dubai sheria inamtaka mdhamini awakatie bima anaowadhamini, na shule ilikuwa imenikatia mimi kapera. Viza zikatoka tatu: mke, binti, na mdogo wetu.

Unaona nimefika wapi. Orodha ya watu ninaoweza kuwadhamini ina mwenza, ina watoto, ina hata wazazi kwa masharti yao. Mpwa hayumo. Kwenye kamusi ni mpwa, nyumbani kwetu ni mtoto wa kwanza: ndiye anayejua mdogo wetu halali bila kusimuliwa hadithi ya sungura, ndiye aliyemfundisha binti yangu kuendesha baiskeli. Sikuwahi kwenda mahakamani kuandikishwa kuwa mlezi wake. Nani angekwenda? Dada alipofariki nilimchukua mkono siku ya arobaini, tukarudi naye nyumbani, na hakuna mtu Tanga nzima aliyeona kuna karatasi inayokosekana.

Alihamia kwa mama yangu. Siku ya safari alikuja nao Dar kwa basi lile lile, bahasha ya kaki mapajani. Mke wangu ananisimulia kwamba foleni ya ukaguzi alimpangia karatasi zote kwa mpangilio, RITA, wizara, ubalozi, hata akamsahihisha alipochanganya cheti cha binti na cha mdogo. Kisha akaaga watu wote, akatoka nje, akanipigia simu.

"Mjomba," akasema, "wameshaingia ndani. Yangu mimi inaanzia ofisi gani?"

Nilijua ofisi ya kwanza tu. Ni RITA, na huanzia kwenye vyeti vya vifo vya wazazi wake wawili, ambavyo hakuna aliyekwenda kuvichukua.